Pelindaba na Valindaba: Habari za Mabomu Sita ya Afrika ya Kusini

Magharibi ya mji wa Pretoria, kwa mwendo wa kilometa 30 hivi, karibu na bwawa la Hartbeespoort, pana mahali paitwapo Pelindaba. Jina hili ni la Kizulu, nalo limeungwa kwa maneno mawili: phelile, yaani limekwisha, na indaba, yaani jambo, shauri au mazungumzo. Maana yake basi ni kwamba shauri limekwisha. Watu wengi hudhani ya kuwa jina lilitungwa na wataalamu wa atomiki waliojenga maabara yao pale, lakini jina ni la zamani kuliko maabara. Pelindaba lilikuwa shamba la Gustav Preller, mwandishi mashuhuri wa Makaburu, mmoja wa wale waliopigania lugha ya Kiafrikana itambuliwe kuwa lugha ya vitabu na ya dola. Naye alifariki katika mwaka wa 1943, kabla bomu la kwanza la atomiki halijalipuliwa popote duniani. Kando ya Pelindaba kilijengwa baadaye kiwanda cha pili, nacho kikaitwa Valindaba, jina lililofuata mfano wa la kwanza. Vala kwa Kizulu ni kufunga. Kwa hiyo Valindaba ni mahali ambapo shauri limefungwa, wala halizungumzwi hata kidogo. Ni ajabu kidogo ya kwamba serikali iliyowanyima Wazulu kura na ardhi ilikwenda kuazima kwao maneno ya kuifichia siri yake kubwa kuliko zote.

Katika mahali pawili hapo ilitayarishwa urani ya mabomu sita. Afrika ya Kusini ndiyo dola pekee iliyojiundia silaha za nyuklia kwa mikono yake, ikawa nazo kwa miaka kadha, kisha ikazivunja zote kwa hiari yake. Ukraine, Belarus na Kazakhstan zilitoa silaha zilizokuwa katika nchi zao, lakini zile zilikuwa urithi wa dola ya Kisovieti iliyovunjika, hazikuziunda. Kwa sababu hiyo habari ya Pelindaba hutajwa mara nyingi katika mabaraza ya mataifa kama mfano mwema, na mara nyingi husimuliwa kwa ufupi mno, kana kwamba ni habari ya mtu aliyezindukana asubuhi moja akatupa upanga wake mtoni. Ikitazamwa kwa karibu, ni habari yenye kona nyingi zaidi, na baadhi ya kona zake zina giza mpaka leo.

Yafaa kwanza kulitazama neno lenyewe. Nadharia ambayo juu yake silaha za nyuklia zimejengwa tangu mwaka 1945 haina jina moja la Kiswahili linaloishika maana yake yote. Kuogofya ni sehemu yake na kuzuia ni sehemu yake. Lakini aliyeogofya tu hakuzuia bado, na aliyezuia kwa nguvu za mikono hakuhitaji kuogofya. Kinachokusudiwa ni kumfanya adui ajizuie mwenyewe, kwa hofu ya malipo yatakayomfika akithubutu. Tisho la kuzuia, kama litakavyoitwa hapa, halina kazi ila katika fikira za mtu mwingine. Bomu lililofichwa ghalani, ambalo adui halijui, ni chuma tu na madini. Hapo ndipo palipo na fumbo la mabomu ya Afrika ya Kusini: yaliundwa kwa siri na kuwekwa kwa siri, na wenyewe wakasema baadaye kwamba yalikuwa ya kutisha. Yalikuwa yakimtisha nani?

Mwanzo wa mambo ulikuwa katika madini. Urani ya kwanza ya Kiafrika iliyoingia katika vita ilitoka Shinkolobwe, katika Katanga, ambako wachimbaji walizungumza Kiswahili cha kule migodini. Tani 1,200 hivi za mawe yake zilikuwa zimepelekwa New York na kampuni ya Union Minière katika mwaka 1940, na miaka miwili baadaye Wamarekani walipoanza kutafuta urani kwa ajili ya bomu waliikuta imekwisha fika mlangoni mwao. Baada ya vita Marekani na Uingereza zilitaka zaidi, ndipo zikageukia migodi ya dhahabu ya Witwatersrand. Huko urani ilikuwa imechanganyika na mawe ya dhahabu, na kwa miaka mingi ilikuwa ikitupwa pamoja na kifusi. Bunge la Afrika ya Kusini lilitunga sheria ya nguvu za atomiki katika mwaka 1948, mwaka ule ule chama cha National kiliposhika serikali na kuanza kuupanga ubaguzi wa rangi kuwa sheria. Katika mwaka 1952 kiwanda cha kwanza cha kutoa urani katika kifusi cha dhahabu kilifunguliwa. Nchi ikawa na mali ambayo wakubwa wa dunia waliitamani, na wataalamu wake wakapokewa vizuri katika maabara za ng'ambo. Kinu cha kwanza, SAFARI-1, kilitoka Marekani katika mpango wa kueneza atomiki kwa ajili ya amani, nacho kilianza kazi Pelindaba katika Machi 1965. Fueli yake ilikuwa urani iliyorutubishwa kwa asilimia 90, yaani kiwango kile kile kifaacho kwa bomu. Katika miaka ile hapakuwa na wengi walioona neno la kutisha katika jambo hilo.

Lakini mahali pengine katika Afrika watu walikuwa wamekwisha tishika. Tarehe 13 Februari, 1960, Wafaransa walilipua bomu lao la kwanza huko Reggane, katika jangwa la Algeria, lenye nguvu za kiasi cha kilotani 70. Walifanya milipuko 17 katika Sahara mpaka mwaka 1966, minne juu ya ardhi na 13 chini ya ardhi, mingine ikifanywa hata baada ya Algeria kupata uhuru wake. Ghana ilizuia mali ya Wafaransa. Nigeria, iliyokuwa na miezi michache tu ya uhuru, ilivunja uhusiano wa kibalozi na Ufaransa mwanzoni mwa 1961. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliyaomba mataifa yote yaihesabu Afrika kuwa eneo lisilokuwa na silaha za nyuklia, na wakuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika walipokutana Cairo katika Julai 1964 walitoa tamko la namna hiyo hiyo kwa kauli yao wenyewe. Ikumbukwe basi kwamba wazo la Afrika isiyo na bomu lilianza katika vumbi la Sahara, miaka kumi na zaidi kabla Pelindaba haijatajwa kwa ubaya. Nalo lilianza kama hasira juu ya mgeni aliyeleta sumu yake kuijaribia katika bara la wenziwe.

Katika Julai 1970 Waziri Mkuu John Vorster alilitangazia Bunge kuwa wataalamu wake wamevumbua njia mpya ya kurutubisha urani. Kitenzi hiki, ambacho Waswahili wamekitoa shambani, kina upotofu wake, kwa maana udongo hurutubishwa kwa kuongezwa kitu, na urani hurutubishwa kwa kuondolewa: chembe nzito hutengwa kidogo kidogo mpaka zile nyepesi, ambazo ni chini ya moja katika mia, ziwe nyingi. Kwa njia ya Pelindaba gesi ya urani ilichanganywa na haidrojeni, ikapulizwa kwa nguvu katika mirija ili izunguke kama kimbunga, na chembe nzito zikarushwa pembeni. Njia hiyo ilikula umeme bila kiasi, lakini ilikuwa yao. Kiwanda kilijengwa Valindaba, na urani ya kwanza iliyorutubishwa sana ilitoka mwanzoni mwa 1978.

Mkataba wa kuzuia kuenea kwa silaha za nyuklia ulikuwa umekwisha fanywa. Ulifunguliwa kutiwa sahihi tarehe 1 Julai, 1968, ukaanza kutumika tarehe 5 Machi, 1970. Afrika ya Kusini haikuutia sahihi. Sababu iliyotolewa mbele ya watu ilikuwa kulinda siri za kiwanda. Ndani ya ofisi mazungumzo yalikuwa mengine. Katika mwaka 1971 waziri wa migodi alikubali uchunguzi ufanywe juu ya milipuko ya amani, yaani mabomu ya kupasulia miamba na kuchimbia bandari, jambo ambalo Wamarekani na Warusi pia walilisifia katika siku zile. Katika mwaka 1974 Vorster alikubali kifaa kiundwe na mahali pa kukijaribia patafutwe. Palipatikana Vastrap, katika jangwa la Kalahari kaskazini ya mji wa Upington, na mashimo mawili yakachimbwa, moja la kina cha meta 385 na la pili meta 216. Mtu aweza kuuliza ni bandari gani iliyokusudiwa kuchimbwa katikati ya jangwa.

Tarehe 6 Agosti, 1977, miaka 32 kamili tangu siku ya Hiroshima, serikali ya Kisovieti iliiarifu Marekani kwamba setilaiti yake imeona matayarisho ya jaribio katika Kalahari. Wamarekani walitazama kwa macho yao wakaona ni kweli. Hapo likatokea jambo ambalo ni nadra katika habari za vita baridi: Washington na Moscow zilisema neno moja, na Uingereza, Ujerumani ya Magharibi na Ufaransa zikaungana nazo. Ufaransa ilikuwa na sauti kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu mwaka mmoja nyuma ilikuwa imepata kazi ya kuijengea Afrika ya Kusini vinu viwili vya umeme huko Koeberg, karibu na Cape Town. Mashimo yakazibwa, mitambo ikaondolewa, na Rais Carter akatangaza kwamba Pretoria imeahidi kuwa haina wala haikusudii kuwa na silaha hizo. Katika Novemba mwaka huo huo, baada ya mauaji ya Soweto ya 1976 na kifo cha Steve Biko mikononi mwa polisi, Baraza la Usalama lilipiga marufuku ya lazima uuzaji wa silaha kwa Afrika ya Kusini, na likayaonya mataifa yasiisaidie kuunda silaha za nyuklia.

Ahadi aliyopewa Carter haikutimizwa. Kilichobadilika ni jina la kazi: milipuko ya amani ikasahauliwa, na wanajeshi wakaichukua kazi kutoka kwa wahandisi wa migodi. Katika Aprili 1978 serikali ilikubali mpango ulioandikwa wa namna ya kulitumia bomu, ambao P. W. Botha, wakati huo waziri wa ulinzi na baadaye Waziri Mkuu, alikuwa mlezi wake. Mpango ulikuwa na hatua tatu. Katika hatua ya kwanza serikali isikubali wala isikane, dunia ibaki na shaka. Nchi ikitishwa kweli kweli, serikali iwanong'oneze wakubwa wa Magharibi, na Marekani kwanza, kwamba bomu lipo. Wakubwa hao wasiposhtuka na kuja kusaidia, hapo ndipo bomu litangazwe hadharani au lilipuliwe chini ya ardhi, ili wote waone.

Mpango huo ukisomwa polepole unalijibu lile swali lililoulizwa hapo juu. Adui aliyetajwa alikuwa Mrusi na washirika wake, lakini aliyekusudiwa kutishwa alikuwa rafiki. Pretoria haikuwa na kombora la kufika Moscow, na kama ingalipiga mji wa Angola kwa bomu la nyuklia ingalijiletea malipo yasiyoweza kustahimiliwa. Ilichokuwa nacho ni uwezo wa kuzua fitina. Ilitumaini kwamba Marekani, kwa kuogopa vita vya nyuklia visizuke kusini mwa Afrika, ingaona ni heri kuilinda serikali ya ubaguzi kuliko kuiacha iingiwe na wazimu wa kukata tamaa. Ni kama mtu aliyefungiwa nyumbani mwake na wadai, akawaita majirani kwa kuwaambia kuwa ataichoma nyumba. Si wadai watakaoogopa, bali jirani ambaye makuti yake yanagusana na ya kwake. Wachunguzi wengi wa vita baridi wametaka kuitia habari hii katika kanuni za Washington na Moscow, ambako kila upande ulimwelekezea mwenzake bunduki, lakini kipimo hicho hakiwezi kupima tisho la namna hii.

Kabla mabomu hayajawa tayari, tarehe 22 Septemba, 1979, setilaiti ya Kimarekani iitwayo Vela iliona mwanga wa kumetameta mara mbili kusini ya mbali, katika bahari iliyo baina ya Afrika na barafu za ncha ya dunia. Mwanga wa namna hiyo ni alama ya mlipuko wa nyuklia. Kamati iliyoundwa na Rais Carter, ikiongozwa na Jack Ruina, ilisema katika mwaka 1980 kwamba yamkini haukuwa mlipuko. Wataalamu wengine wa serikali hiyo hiyo walisema ulikuwa. Vidole vingi viliielekea Israeli, ambayo ushirikiano wake wa silaha na Pretoria ulikuwa ukijulikana. Kwa upande wa Valindaba yajulikana kuwa mwezi mmoja kabla ya hapo kiwanda kilipatwa na ajali ya gesi ndani ya mirija yake kikasimama, wala hakikutoa tena urani mpaka mwaka 1981. Mjadala haujafungwa, na waliousoma ushahidi wa miaka ya karibuni wengi wao huuona mwanga ule kuwa ni mlipuko.

Mabomu yenyewe yaliundwa na shirika la serikali la silaha, Armscor, katika jumba lililofunguliwa mwaka 1981 karibu na Pelindaba. Umbo lake lilikuwa lile la bomu la Hiroshima: kipande cha urani hufyatuliwa kama risasi ndani ya mzinga mfupi kikagonge kipande kingine, na viwili vikikutana mlipuko huanza. Umbo hilo ni la kikale na hula urani nyingi, kiasi cha kilo 55 kwa kila bomu, lakini lina faida moja kubwa: halihitaji kujaribiwa. Wamarekani wenyewe hawakulijaribu kabla ya kuliangusha. Kwa hiyo kufungwa kwa mashimo ya Vastrap kulizuia ishara tu. Silaha yenyewe haikuzuiwa. Mabomu yalikuwa ya kuangushwa na ndege za Buccaneer. Mpaka mwaka 1989 yalikuwa yamekamilika sita, na la saba lilikuwa likiundwa.

Serikali iliyokuwa na mabomu hayo haikuwa salama zaidi kwa kuwa nayo. Katika Desemba 1982 mabomu manne madogo ya sumaku yalilipuka ndani ya kituo cha Koeberg ambacho kilikuwa hakijaanza kazi. Aliyeyatega alikuwa Rodney Wilkinson, Mzungu, mfanya kazi wa mle mle ndani, aliyekuwa akishirikiana na jeshi la Umkhonto we Sizwe. Aliyaingiza kidogo kidogo, akaaga kazini, akaondoka nchini. Hakufa mtu hata mmoja, na kituo kilichelewa kwa muda mrefu. Tisho la nyuklia halikuwa na la kumfanya mtu kama huyo, wala watoto wa Soweto. Hatari iliyokuwa ikiipunguza serikali ya Makaburu mwaka hata mwaka ilitoka katika mitaa ya nchi yake yenyewe, mahali ambapo bomu haliwezi kuangushwa.

Je, Wakuba walitishika? Majeshi yao yalikuwa Angola tangu 1975, na mwisho wa 1987 vita vya Cuito Cuanavale vilikusanya askari wengi kuliko vita vyo vyote vya eneo hilo tangu vita kuu. Wakati huo huo Armscor walirudi Vastrap, wakajenga banda juu ya shimo moja, wakatazama kama lingali likifaa. Banda la chuma katikati ya jangwa halifichiki. Na yamkini halikukusudiwa kufichika. Fidel Castro alieleza baadaye kwamba Wakuba waliifikiria hatari ya bomu la Makaburu, na ya kuwa kwa sababu hiyo waliyagawanya majeshi yao katika vikosi vya watu wasiozidi elfu moja walipokuwa wakisonga kusini. Maelezo hayo ni ya thamani kwa mtafiti, maana yanaonyesha tisho lilivyofanya kazi kwa mtu aliyeamini kuwa lipo: lilimfanya abadili namna ya kwenda, lakini hakuacha kwenda. Wakuba walifika karibu na mpaka wa Namibia. Tarehe 22 Desemba, 1988, mapatano yalitiwa sahihi New York baina ya Angola, Kuba na Afrika ya Kusini: Wakuba waondoke, Namibia iwe huru. Wengine wamedai kuwa bomu lilisaidia kuyaleta mapatano hayo. Hoja hiyo haina nguvu. Gharama za vita, vifo vya vijana wa Kizungu, na uchovu wa Moscow chini ya Gorbachev vinatosha kuyaeleza bila bomu.

F. W. de Klerk aliposhika urais katika Septemba 1989 alilikuta bomu halina mtu wa kumtisha. Kiwanda cha Valindaba kilifungwa mwanzo wa Februari 1990, siku zile zile alizokuwa akitayarisha kufunguliwa kwa Nelson Mandela, na mwisho wa mwezi huo amri ya kuyavunja mabomu ilitolewa kwa maandishi. Kazi ilianza Julai, ikaisha katikati ya mwaka 1991. Urani iliyeyushwa na kurudishwa Pelindaba. Tarehe 10 Julai, 1991, nchi iliingia katika mkataba wa kuzuia kuenea kwa silaha za nyuklia, ikafungulia milango wakaguzi wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki kutoka Vienna. Lakini haikusema imefanya nini. Dunia haikuambiwa mpaka tarehe 24 Machi, 1993, de Klerk aliposimama Bungeni na kukiri kwamba mabomu sita yalikuwako na yamevunjwa. Kabla ya siku hiyo michoro na maandishi ya uundaji yalikuwa yamekwisha kuharibiwa kwa maelfu.

Hapa ndipo penye mabishano makali. De Klerk alitoa sababu ya kwamba hatari ya Kisovieti imepita, na kuwa nchi yataka kurudi katika jamii ya mataifa. Watu wa chama cha ANC na wengi katika Afrika walisema sababu ni nyingine: Makaburu hawakutaka bomu lirithiwe na serikali ya Waafrika. Tarehe zinawasaidia wale wenye shaka. Mkataba uliokataliwa kwa zaidi ya miaka ishirini ulikubaliwa mara tu ilipodhihirika kwamba walio wengi watatawala. Na maandishi yaliharibiwa kabla ya warithi kuyaona, jambo ambalo ANC walilalamikia. Kwa upande mwingine ANC wenyewe walikuwa wamelipinga bomu kwa miaka mingi. Katika mwaka 1975 walitoa hadharani barua zilizochukuliwa katika ubalozi wa Afrika ya Kusini huko Bonn, zilizoonyesha ziara ya siri ya jenerali wa Kijerumani, Günther Rall, naye akapoteza kazi yake kwa ajili hiyo. Na kutoka Oslo Abdul Minty aliongoza kampeni dhidi ya kila msaada wa kijeshi na wa nyuklia kwa Pretoria. Haieleweki basi kwa nini watu hao wangelitaka kurithi kile walichokilaani. Lililo karibu na kweli ni kwamba sababu zote mbili zilikuwamo, na hofu ya mrithi ilikuwa na nguvu zaidi kuliko ilivyokiriwa. Kukataa mwenzako asipate si sawa na kuacha. Ingawa matokeo yake yakawa mamoja.

Miongoni mwa Waafrika palikuwa na sauti moja iliyoimba wimbo mwingine, nayo ilitoka pwani ya Waswahili. Ali Mazrui, mwana wa Mombasa, katika mihadhara yake ya redio ya BBC ya mwaka 1979, alisema kuwa mkataba wa kuzuia kuenea ni sheria ya wenye nacho dhidi ya wasio nacho. Kwa maoni yake dola kubwa za Afrika, na Afrika ya Kusini itakapotawaliwa na Waafrika miongoni mwake, zingefaa kuwa na silaha hizo, si kwa kuzitumia, bali ili wakubwa watishike kwa kuona bomu mikononi mwa wale wasiowaamini, wakubali kuzifuta kabisa duniani. Hoja hiyo ilichekwa na wengi, lakini waliocheka hawakuikanusha. Udhaifu wake ni ule ule uliokuwa katika mpango wa Botha: yote miwili ilitegemea kwamba mkubwa akitishwa atatenda la busara.

Nchi za Afrika zilichagua njia ya Cairo. Maandishi ya mwisho ya mkataba wa bara zima yalimalizwa katika Juni 1995 katika mkutano uliofanywa Johannesburg na Pelindaba yenyewe, na mkataba ukapewa jina la mahali hapo. Ulitiwa sahihi Cairo tarehe 11 Aprili, 1996, wakati Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika alipokuwa Salim Ahmed Salim, Mtanzania kutoka Visiwani. Kisha ulingoja miaka 13. Zilitakiwa nchi 28 zithibitishe, na ya ishirini na nane ilikuwa Burundi, ambayo uthibitisho wake uliufanya mkataba uanze kutumika tarehe 15 Julai, 2009. Ramani ya mkataba inavifika visiwa vya Chagos katika Bahari ya Hindi, pamoja na Diego Garcia, ambako Marekani ina kambi yake. Mahali hapo paliandikwa kuwa suala la umiliki halihukumiwi, na Uingereza ikakataa kukubali kuwa visiwa vimo. Marekani ilitia sahihi itifaki zinazozihusu dola zenye silaha, wala Baraza lake la Seneti halikuzithibitisha.

Urani ya mabomu sita haikuondoka Pelindaba. Sehemu yake imetumika katika kinu cha SAFARI-1 kutengenezea dawa za hospitali, mpaka kinu hicho kilipogeuzwa katika mwaka 2009 kitumie fueli dhaifu. Usiku mmoja wa Novemba 2007 watu wenye silaha walipita ua wa umeme wakaingia ndani, wakampiga risasi mtumishi mmoja katika chumba cha ulinzi, wakatoroka bila kuifikia ghala. Katika urais wa Obama Marekani iliomba urani iliyobaki idhoofishwe au itolewe. Pretoria ilikataa, ikisema kuwa ni mali ya nchi, na ya kwamba wanaoomba hawajazivunja zao.